NGOMA YA JUMAPILI, KAZI YA JUMATATU
Mafunzo kutoka migodi ya shaba ya Zambia



Kila mmoja wetu ni watu wengi. Alfajiri mtu ni baba wa watoto. Saa moja asubuhi ni mkata miwa au mshika mashine, mwenye namba yake katika daftari la mnyapara. Jioni ni mjomba anayengojewa atoe neno katika shauri la mahari. Kwenye msiba ni mtani: huwatukana wafiwa, huchukua kuku wao, hulala kaburini akidai apewe ujira, na wote hucheka badala ya kukasirika. Jumapili ni kapteni wa ngoma. Na siku ya mkutano wa tawi ni mwanachama mwenye kura moja, sawa na mwenzake.

Nafasi hizi zote ni za kweli, wala hakuna unafiki ndani yake. Kila nafasi ina mavazi yake, ina lugha yake, ina sheria zake. Anayezijua sheria hizo huishi vyema na watu, na anayezichanganya huleta balaa. Mtu akimsemesha mkwewe maneno ya utani, atalipa faini. Mnyapara akiwaamrisha wazee nyumbani kama anavyotuamrisha shambani, ataambiwa hana adabu. Maneno hayo hayana ubaya yakitamkwa mahali pake. Ubaya ni kuyatamka mahali pasipo pake.

Tunaanza na jambo hili kwa sababu matawi yetu mengi yana ugonjwa mmoja. Uchaguzi wa viongozi ukikaribia, watu huulizana kwanza "Anatoka wapi?" kabla ya kuulizana "Anaweza nini?" Wengine husema dawa yake ni kukataza ngoma za makabila na vyama vya watu wa kwao. Sisi hatukubaliani nao. Historia ya wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Zambia yatuonyesha njia nyingine, iliyo bora zaidi. Tuifuate hatua kwa hatua, tukianzia mbali kidogo, yaani pwani.

MCHEZO ULIOTOKA PWANI

Katika miaka ya 1890, vijana wa miji ya pwani ya Kenya, hasa Mombasa na Lamu, walianzisha ngoma mpya waliyoiita beni, yaani bendi. Tangu zamani mitaa ya miji hiyo ilikuwa ikishindana kwa ngoma, kwa mashairi na kwa karamu. Sasa waliongeza tarumbeta, gwaride, na sare zilizofanana na za jeshi. Ngoma hiyo ikashika Tanga, ikashika Dar es Salaam, kisha ikaingia bara. Katika Tanganyika, pande mbili zilijulikana kuliko zote: Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na Kingi wake, majemadari wake, makapteni wake na daktari wake.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliwazungusha askari na wapagazi wengi katika Afrika Mashariki. Walikokwenda walikwenda na beni yao. Vita vilipokwisha, ngoma ilikuwa imefika Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, na Rodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Huko iliitwa Mbeni. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hii mwaka 1975.

Wazungu wengi waliotazama beni walicheka. Waliona watu wakiwaiga, basi. Hawakuona kilichokuwa ndani ya mwigo huo. Mpagazi aliyebeba mizigo siku sita, siku ya saba alikuwa Kapteni. Watu walimpigia saluti. Alitoa amri na ikafuatwa. Chama chake cha ngoma kilichanga fedha, kiliandika barua kwa wenzao wa miji mingine, kiliwapokea wageni, kiliwatazama wagonjwa, na kiliwazika waliokufa ugenini. Mfanyakazi aliyeshuka katika mji asiomjua mtu aliuliza kwanza nyumba ya wenzake wa beni iko wapi.

Kwa hiyo mchezo huo ulikuwa shule. Kazini watu hao hawakuruhusiwa kuamua lolote. Katika ngoma waliamua yote: nani awe kiongozi, fedha zitumikeje, nani atumwe safari, mkosaji aadhibiwe vipi. Nafasi waliyonyimwa na mwajiri waliitengeneza wenyewe, wakaifanyia mazoezi.

SIKU MCHEZO ULIPOTUMIKA

Mwezi wa Mei 1935, serikali ya Rodesia ya Kaskazini ilipandisha kodi ya kichwa katika wilaya za migodi, kutoka shilingi 12 na nusu hadi shilingi 15. Wafanyakazi wa mgodi wa Mufulira waligoma. Siku chache baadaye wakagoma wa Nkana, kisha wa Luanshya. Tarehe 29 Mei, huko Luanshya, askari waliupiga risasi umati wa wafanyakazi, na watu sita wakafa.

Wakati huo hapakuwa na chama cha wafanyakazi Waafrika katika migodi hiyo. Habari zilitokaje mgodi mmoja hadi mwingine upesi namna ile? Tume iliyochunguza mambo hayo ilisikia mashahidi wakiitaja Mbeni. Watu waliozoea kupeana salamu na kutembeleana kwa ajili ya ngoma walikuwa tayari na njia ya kupashana habari za mgomo.

Miaka ishirini baadaye jambo kama hilo lilitokea Dar es Salaam, safari hii kwa wanawake. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, alipewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU. Hakuanza kwa kugonga mlango mmoja mmoja. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake mjini, nao wakawaleta watu wao. Vikundi vilikuwa vimekwisha jengeka, na viongozi walikuwa wamekwisha aminiwa.

Basi, ndugu, asitokee mtu akatuambia kwamba ngoma ni upuuzi wa watu wasiosoma. Waliojua kuitumia waliitumia vizuri.

WAZEE WA MAKABILA

Sasa turudi Luanshya tuutazame upande wa mwajiri, maana naye alijua kwamba watu wana nafasi nyingi, akachagua ile iliyomfaa yeye.

Mgodi wa Roan Antelope wa Luanshya ulikusanya maelfu ya wanaume wa makabila mengi: Wabemba, Wangoni, Walozi, Wabisa, watu wa Nyasaland na wengineo. Katika kambi palikuwa na ugomvi wa ndoa, wa madeni na wa vilabu vya pombe. Mwaka 1931 kampuni iliweka utaratibu wa wazee wa makabila. Kila kabila lilichagua mzee wake, mzee akapatanisha watu wake, na akapeleka maneno yao kwa meneja wa kambi.

Kwa ugomvi wa ndoa utaratibu huo ulifaa. Mbemba akigombana na mkewe, mzee wa Kibemba ndiye anayeijua mila yao. Lakini kampuni iliwataka wazee hao wawe pia midomo ya wafanyakazi katika mambo ya kazi. Hapo ndipo nafasi mbili zilipochanganywa.

Hebu tufikiri. Je, iko tani ya shaba ya Kibemba na nyingine ya Kilozi? Mwamba ukianguka chini ya ardhi huuliza kabila? Mwendesha winchi wa Kingoni na mwendesha winchi wa Kibisa wana mshahara mmoja, hatari moja na bwana mmoja. Mzee wa kabila anaweza kumsemea Mngoni kama Mngoni. Lakini hawezi kumsemea mwendesha winchi kama mwendesha winchi, kwa sababu waendesha winchi hawakumchagua, nao wamegawanyika katika makabila mengi. Mwajiri akizungumza na wazee kumi wa makabila kumi, hazungumzi na wafanyakazi wake. Anazungumza na vijiji kumi.

Ukweli huo ulionekana katika mgomo wa 1935. Wazee wa Luanshya walipojaribu kuwatuliza watu, walisukumwa kando. Watu waliwaona kuwa upande wa Wazungu. Wazee hao hawakuwa lazima watu wabaya. Wengi wao waliheshimiwa sana siku nyingine. Lakini siku ile walitumwa kufanya kazi isiyo ya nafasi yao.

Mwaka 1940 wafanyakazi waligoma tena Nkana na Mufulira kwa ajili ya mishahara. Nkana risasi zilipigwa na watu 17 wakapoteza maisha. Hata baada ya hapo, makampuni yalirudia dawa ile ile: yakaueneza utaratibu wa wawakilishi wa makabila katika migodi yote.

CHAMA CHAZALIWA, NGOMA YAENDELEA

Mwaka 1949 matawi ya migodi mbalimbali yaliungana kuwa chama kimoja cha wafanyakazi Waafrika wa migodi, na Lawrence Katilungu akawa rais wake. Chama hicho kiliwahesabu watu kwa kazi, si kwa kabila. Mwezi wa Oktoba 1952 wanachama waligoma kwa wiki tatu. Safari hii hapakuwa na fujo wala risasi. Walikaa majumbani, waliwasikiliza viongozi wao, na mwanzo wa mwaka uliofuata walipata nyongeza.

Sasa palikuwa na midomo miwili: wawakilishi wa makabila na viongozi wa chama. Mwaka 1953 chama kiliwapigisha wafanyakazi kura: je, wawakilishi wa makabila waendelee au waondolewe? Walio wengi mno walisema waondolewe, na wakaondolewa.

Mtu akiishia hapo atasema: "Aha! Wafanyakazi wa Luanshya waliacha ukabila." Lakini ngojeni kwanza.

Katika miaka hiyo hiyo, mtaalamu aitwaye Clyde Mitchell alikuwa akitazama ngoma ya Kalela mjini Luanshya. Kalela ilikuwa mtoto wa Mbeni. Wachezaji aliowatazama walikuwa vijana wa Kibisa, wengi wao vibarua wa kawaida. Mchana wa Jumapili walikusanyika uwanjani na ngoma kubwa zilizotengenezwa kwa mapipa ya mafuta ya galoni 44, yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Hawakuvaa ngozi wala manyoya. Walivaa suruali zilizopigwa pasi, fulana safi na viatu vinavyong'aa. Walikuwa na Kingi aliyevaa suti na tai. Walikuwa na Daktari mwenye kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu. Na mwanamke mmoja tu kati yao alikuwa Muuguzi. Alipita kwa wachezaji na kioo na kitambaa ili kila mmoja ajitazame na kujifuta jasho.

Mavazi yalikuwa ya mjini, lakini nyimbo zilikuwa za kabila. Waliusifu Ubisa, waliisifu nchi yao, na waliwakejeli Wabemba na wengineo kwa utani mkali. Waliimba kwa Kibemba cha mjini ili wanaokejeliwa wasikie barabara. Umati ulicheka. Makabila mengine yalikuwa na vikundi vyao, na Jumapili yao nao walijibu.

Maana yake nini? Vijana kama hao, walioimba Jumapili kwamba hakuna watu kama Wabisa, siku za kazi walikuwa na wenzao wa makabila yote katika mgodi mmoja na chama kimoja, chama kilichopiga kura ya kuondoa wawakilishi wa makabila. Je, walikuwa vigeugeu? La hasha. Walijua kutenganisha viwanja.

Mitchell alieleza hivi katika kitabu chake cha mwaka 1956: katika mji uliojaa wageni, kabila ni njia ya haraka ya kujua utaongeaje na mtu usiyemjua. Huyu ni mtani, utamchokoza. Yule ni wa kwenu, utamwomba msaada. Yule ni mgeni, utamheshimu kwa mbali. Mbemba na Mngoni, ambao babu zao walipigana vita, mjini walifanyiana utani. Hiyo ndiyo kazi ya kabila mjini: kuwapanga wageni wasigongane. Si kazi yake kupanga mishahara.

Mtaalamu mwingine, Epstein, aliyeishi Luanshya miaka hiyo hiyo, aliona jambo hilo hilo upande wa mahakama. Mfanyakazi aliyemkataa mwakilishi wa kabila katika mambo ya mgodi, alipopata shauri la ndoa alikwenda bila kinyongo katika mahakama ya mjini, iliyokuwa na wazee waliotumwa na machifu. Huko mila ilikuwa mahali pake.

PALIPOBAKI MWIBA

Tusiwadanganye wasomaji kwamba baada ya 1953 mambo yote yalikuwa sawa. Hata ndani ya chama maneno ya kabila yalisikika. Baadhi ya watu walinung'unika kwamba Wabemba wametawala uongozi. Epstein alipochungua zaidi aliona kitu kingine chini yake. Wabemba walikuwa wengi katika kazi za chini ya ardhi, na watu wa Nyasaland na Walozi walikuwa wengi katika kazi za ofisi. Kwa hiyo karani na mchimbaji walipogombana juu ya malengo ya chama, ugomvi wa kazi na mshahara ulivaa nguo za kabila.

Mwaka huo huo wa 1953 wafanyakazi Waafrika wa ngazi za juu walianzisha chama chao cha pembeni, na makampuni yakakikubali. Mgawanyiko huo haukuwa wa kabila. Ulikuwa wa ngazi za kazi. Chama cha wachimbaji kikatumia nguvu nyingi kupambana nacho katika miaka iliyofuata.

Hapa pana somo kubwa kwa viongozi wa matawi. Mkisikia wanachama wanasema "Watu wa kabila fulani wanatuonea," msiwafokee tu kwamba ni wakabila. Fungueni nguo hiyo mtazame kilichomo ndani. Huenda watu wa sehemu moja wote wamewekwa katika kazi ya vumbi, na wa sehemu nyingine wote wamewekwa katika mizani na ofisi. Kama ndivyo, dawa yake ni kudai upandishaji vyeo ulio wazi na mafunzo kwa wote. Mahubiri peke yake hayatoshi. Kikulacho ki nguoni mwako.

TUFANYE NINI KATIKA MATAWI?

Kwanza, tusizipige vita ngoma, timu za mpira, vyama vya kuzikana na utani. Mcheza kwao hutunzwa, na mtu asiye na kwao huwa mpweke, na mpweke hutishwa upesi. Katibu mwenye akili hutazama nani anaongoza vikundi hivyo. Mwanamke anayetunza fedha za chama cha kuzikana kwa miaka mitano bila senti kupotea amekwisha soma kazi ya mweka hazina. Kijana anayekusanya wachezaji thelathini saa iliyopangwa anaweza kukusanya wanachama.

Pili, kila jambo lijadiliwe kiwanjani pake. Shauri la ndoa liende kwa wazee. Utani uende msibani na ngomani. Mshahara, saa za kazi, kipimo cha kazi ya siku, nyumba za kambi na dawa za kunyunyizia viende katika mkutano wa chama, na msemaji awe yule aliyechaguliwa na watu wa kazi ile. Mwajiri akisema, "Nileteeni wazee wa kila kabila tuzungumze," jibu liwe la adabu lakini fupi: wazee wetu tunawaheshimu, ila mkataba wa kazi una wasemaji wake.

Tatu, viongozi wa chama wakumbuke kwamba nao wako katika nafasi ya muda. Kingi wa Kalela alivua suti yake jioni, na Jumatatu akaenda kazini kama wenzake. Lakini wako viongozi wa vyama wasiotaka kuivua. Wanakaa miaka na miaka, wanapigiwa makofi, wanasahau uzito wa panga na joto la tanuri. Kiongozi wa namna hiyo ameugeuza uongozi kuwa ngoma, na wanachama kuwa watazamaji. Dawa yake ni uchaguzi kwa wakati wake na hesabu kusomwa mbele ya wote.

Nne, tujihadhari na mashindano yanayopangwa na wengine. Mwajiri akitoa zawadi kwa timu ya kiwanda, tucheze na tufurahi. Lakini idara zikishindanishwa kwa kipimo cha kazi, hawa waone aibu kushindwa na wale, na kila mwezi kipimo kipande, hapo si mchezo tena. Katika mchezo wa kweli wachezaji huzijua sheria na wanaweza kuacha. Sheria zikiwa mkononi mwa mtu mmoja, na faida ikiwa mfukoni mwake, hiyo ni kazi, na kazi huzungumzwa mezani.

Tunayaomba matawi yaifanye makala hii kuwa somo la mkutano mmoja. Mjadili maswali matatu: Katika tawi letu, ni jambo gani la kazi ambalo tumeliachia kabila? Ni ugomvi gani wa kabila ambao kwa kweli ni ugomvi wa mshahara? Na ni nani katika ngoma zetu na vyama vyetu vya kuzikana anayefaa kuitwa kukitumikia chama? Mkishajadili, andikeni majibu katika kitabu cha tawi, na uchaguzi unaokuja muyasome kwa sauti kabla ya kupiga kura.

Umoja ni nguvu, ndugu wafanyakazi. Umoja hautaki tufanane. Watu wa Luanshya walicheza kila kabila ngoma yake, na siku ya mgomo wakakaa nyumbani pamoja kwa wiki tatu.